Chenga

Soroti, saa tano usiku, umeme umekatika tena.
Betri ya sola itanipa saa mbili, labda na robo.
Nyuma ya studio lile jiwe kubwa limekaa gizani
kama mtu aliyekuja kudai na hana haraka.

Nafungua faili mbichi za Amongin.
Saba. Ndizo zote alizoniachia.
Mbichi kwelikweli: hazijatiwa chumvi, hazijaona moto,
kijivukijivu kama unga wa muhogo.
Nilimpiga picha jikoni kwake, Katine, kwa kibatari kimoja,
lenzi wazi mpaka mwisho wake,
maana alikataa katakata kutoka nje.
"Ulezi hausagwi uani," alisema. "Upepo una mikono mirefu."

Basi nikaukaza usikivu wa kamera
hadi elfu kumi na mbili na mia nane.
Sikio likikazwa hivyo husikia hata damu yake lenyewe,
na damu hiyo ndiyo chenga hizi:
nyekundu shavuni, kijani kwenye leso,
zambarau pale ambapo kivuli kilikuwa cheusi tu.

Za rangi hutoka upesi. Kitelezi thelathini, yatosha,
zinaaga kama wageni walioambiwa ajono imekwisha.
Za mwanga ndizo kaidi.
Ukizivuta mno ngozi inakuwa sabuni,
bibi wa miaka sabini anageuka mwanasesere wa dukani.
Nimeshawafanyia hivyo maharusi. Walinishukuru.

Kwa Amongin nikatumia hila nyingine:
zilaze picha saba, moja juu ya moja, zipatanishe,
kisha iulize kila nukta, nyote saba mmeona nini?
Lililosemwa mara saba, likae.
Lililosemwa mara moja, litupwe.
Pepeta, pepeta. Chenga zikadondoka,
uso ukabaki ungoni, mchele mtupu,
safi hata nikajipigia makofi peke yangu.

Asubuhi akaja bintiye, Asekenye,
kichwa kimenyolewa, pesa za kuchapisha kwenye bahasha.
Akaitazama kioo muda mrefu.
"Ndiye," akasema.
Kisha: "Unga uko wapi?"

Unga gani?

"Mama akisaga, unga hupaa. Unatua kwenye nyusi,
unaelea mbele ya taa. Tukirudi shuleni tulipiga chafya mlangoni,
ndivyo alivyojua tumefika, bila kugeuka.
Hapa anasaga nini? Anasaga hewa?"

Sikuwa na jibu.
Usiku kucha nilikuwa nimekaa na hesabu yangu
nikikiita uongo kila kisichotulia mahali pamoja.
Na unga hautulii.
Palikuwa na nondo pia, sasa nakumbuka, akizunguka utambi.
Na mkono wake wa kulia, ule wa jiwe,
nilikuwa nimeupa utulivu ambao hakuwa nao.

Nikaifungua ya nne peke yake.
Faili mbichi haijasahau kitu, hiyo ndiyo heri yake;
unaweza kuikosea usiku na kuiomba radhi mchana.
Nikaondoa zile rangi za uongo, nikaishia hapo.
Tukaikuza mpaka nukta zikawa kama punje,
akavuta kiti, tukaanza kubishana.
Hii chenga. Huu unga.
"Hii?"
Chenga.
"Na hii, chini ya jicho?"
Sijui, dada.
"Basi iache."

Tuliacha nyingi.

Ikatoka kwenye printa ikiwa bado na joto.
Asekenye akaishika kwa kingo mbili, kama ungo,
akaipuliza, polepole,
akangoja aone kama kuna kitakachopaa.