Nafasi ya Goti

Amble, Februari. Mvua inapiga ubavuni.
Boti mbili zimepandishwa juu ya magogo,
matumbo wazi, kama wagonjwa wanaomsubiri daktari.

Ya kwanza ina tumbo la V, kali toka omo hadi tezi.
Injini mbili, nguvu za farasi mia tatu kila moja.
Thirlwell anaipapasa kama anayeuza ng'ombe wa maziwa.
"Noti ishirini na nne," asema. "Visiwa vya Farne
kabla chai ya chupa haijapoa."
Namuuliza inakunywa lita ngapi kwa saa.
Anatazama mawingu.

Ya pili ni nene, mviringo, tumbo la bata.
Haipandi juu ya maji; inayaomba njia.
Noti saba. Nane, ukiishurutisha,
na ukizidisha dizeli hapo
utajenga wimbi tu nyuma ya tezi
na kuliburuta kama deni.
Injini moja, silinda sita, haina tabo,
ilitengenezwa mwaka niliooa.
"Itayumba hiyo," Thirlwell anaonya.
Kweli itayumba. Na Hettie wangu hutapika
hata kwenye kivuko cha Shields.

Naweka kiganja kwenye bloku: baridi kama kaburi.
Vizuri. Hakuipasha kabla hatujafika.
Anachomeka mpira wa maji, anawasha.
Inakohoa mara mbili, inakumbuka kazi yake.
Moshi mweupe, ukakonda, ukaisha.
Ungekuwa wa bluu ningekwenda zangu;
mweusi, tungebishana bei.

Nikarudi kwenye ile ya mbio, nikafunua sakafu.
Injini zimebanana kama mapacha tumboni.
Chujio la upande wa nje
angelifikia mtoto mwembamba mwenye mikono mirefu,
nasi hatukujaaliwa mtoto.

Katika ile nene niliteremka ngazi tatu,
nikapata pa kuweka taa, pa kuweka spana,
na kando ya pampu, mbao tupu, upana wa mtu.
Nikapiga goti. La kushoto, lile la chuma,
nililowekewa Newcastle baada ya miaka thelathini
ya kulala chini ya mabasi ya watu.
Halikulalamika.

Juu, Hettie hakuwa amesema neno tangu asubuhi.
Alifungua mkoba, akatoa vidonge vyake vya kichefuchefu,
akavihesabu kwa kucha.
"Kumi na viwili," akasema.
"Vitatufikisha Pasaka?"