Mzizi Wenye Miguu

Siku ya tisa ya homa ya matumbo
Mama Minza kageukia ukuta.
Uji hataki. Sato hataki,
yeye, mzaliwa wa Kirumba!

Nje, mawe ya mlima yanachoma nyayo.
Bi Sun-ok, jirani, kaingia na sufuria inayofuka:
kuku mzima, tumbo limeshonewa mchele,
kitunguu saumu, tende,
na mzizi mweupe wenye miguu miwili.
"Kwetu, moto hufukuzwa kwa moto."

"Mmenipikia mtu?"
Maneno yake ya kwanza tangu Jumatatu.

Akanywa. Uchungu, kama mwarobaini ulioomba radhi.
Akanywa tena, akafyonza shingo,
jasho likamtoka hadi kwenye kope.

Kisha akakaa, mwenyewe, bila mto,
akatega sikio uani:
"Jogoo wangu mbona kimya?"