Saba Kushoto

Baba alikuwa na amri mbili tu za gari:
injini kwanza, redio baadaye;
redio izimwe kwanza, injini baadaye.
Ukipindua mpangilio alikutazama
kama umeingia msikitini na viatu.

Tulikaa Keko Machungwa, penye mafundi samani.
Vumbi la mninga lilikuwa kwenye chai, kwenye kope,
kwenye nyavu za spika za Corolla yetu.
Kila Jumamosi alizipangusa kwa brashi ya kunyolea,
taratibu, kama anayemnyoa mtoto.
Waya wa ethi aliufungua, akaukwangua kutu
(hewa ya Dar ina chumvi, haimwachi mtu),
akaukaza, akaupaka grisi kwa kidole.

Redio yenyewe ya Kijapani, haikuvuka tisini
mpaka ilipopachikiwa kidude cha stesheni zetu.
“Usichomoe betri ovyo,” alisema.
“Itasahau kila ulichoifundisha.”

Ilipopita arobaini nikapewa ufunguo.
Mlango wangu, wa kulia, ulikuwa bubu.
Taarifa ya habari ilitoka mbali, ng’ambo ya kiti kitupu,
kama jirani anayesengenya ukutani.
Nikasema spika imekufa.
Nikaenda nayo Gerezani, kwa fundi Seleli.

Seleli hakugusa bisibisi.
Aliuliza kwanza: “Marehemu alikuwa mtu wa pupa?”
“Hapana.”
Akabandua kava la mlango, akagusisha betri ya saa ya ukutani.
Spika ikakohoa: kho.
“Nzima hii,” akasema. “Ilinyamazishwa.”
Akabonyeza, akabonyeza tena, kioo kikaonyesha
sauti imesukumwa yote kushoto. Saba.
Mwisho kabisa, haina pa kwenda tena.
“Kushoto alikaa nani?”

Nilimlipa elfu mbili, ya soda, zaidi alikataa.

Mama alikaa kushoto, miaka kumi na tisa.
Mama, ambaye kwinini ilimpunguzia masikio
alipokuwa na mimba yangu,
ambaye hakuwahi kukiri, akacheka tu
mahali ambapo wengine walicheka.
Nilimweleza jioni, akiwa anachambua mchele.
Mkono ukasimama kwenye ungo.
“Mimi nilidhani ile redio ni nzuri tu,” akasema.
Kisha, baada ya punje nyingi:
“Kumbe yeye alikuwa hasikii taarabu yake.”

Sijairudisha katikati.
Ninapoendesha peke yangu Barabara ya Kilwa
upande wangu una upepo na honi za watu,
na sauti inaongea na kiti.

Siku hizi asubuhi starta inasita.
Betri inazeeka; itabidi kuibadilisha,
na ikichomolewa redio itasahau yote,
stesheni, saa, besi, na yeye.
Nimeandika kwa kalamu ya risasi
ndani ya kifuniko cha fyuzi,
chini ya mwandiko wake unaosema *fyuzi ya redio: kumi, isizidi*:
saba kushoto.