Mstari wa Adhabu

Tulivuka ziwa usiku, watu kumi na wawili na mfuko mmoja wa mipira,
na asubuhi Goma ikatupokea kwa vumbi lake jeusi.
Miguu yetu ilikuwa bado iko melini.
Walijua. Hilo hasa ndilo walilokuwa wakilingoja:
"Bukavu, shikeni ukuta! Bukavu, nchi kavu hii!"

Maneno hayo niliyatunga mimi.

Miaka miwili nilikaa pale, safu ya tatu,
juu ya jiwe la volkano lenye meno,
kipande cha katoni chini ya makalio,
nikipiga bidoni la njano mpaka likapasuka.
Wenye chukudu waliziegemeza ukutani
wakapanda juu yake wapate kuona,
na mwalimu wa hesabu, yule mkimya, Bwana Paluku,
alivua koti akalizungusha hewani
kama mtu aliyefutiwa deni.

Kisha baba akahamishwa kazi.

Leo nimevaa jezi ya kijani, namba kumi na nne,
na kelele ile niliyoilisha kwa mkono wangu
hainijui.
Au inanijua kupita kiasi.

Muda umekwisha. Tuko nyuma kwa pointi mbili.
Nimeangushwa chini ya kikapu; refa ananyoosha vidole viwili.

Mtupo wa kwanza unaingia, bila hata kugusa chuma.

Ndipo wanapoanza ile hila, yangu pia, Mungu anisamehe:
wananyamaza.
Watu mia sita wanameza pumzi moja.
Nasikia karanga zikipasuka kwenye kikaango.
Najua kinachokuja, nahesabu pamoja nao,
moja, mbili,
na mpira ukiwa bado kwenye ncha za vidole,
Mama Kavira wa karanga, peke yake,
kwa sauti ya kumwita mtoto aje kula:

"Murhula weee! Mbona umekonda hivyo?"

Mpira unagonga ukingo, unauzunguka, unafikiri kidogo,
unatoka.

Basi wanalipuka. Vumbi, katoni, mabidoni,
koti la Bwana Paluku juu ya vichwa vyote,
lilelile, kiwiko kimetiwa kiraka.
"Bukavu, nchi kavu hii!"

Kocha ananijia. Nimeinama, mikono magotini,
naye ananipigapiga mgongo, anadhani nalia.
Sijainua uso.
Midomo yangu imo katikati ya wimbo
na bado sijapata namna ya kuifunga.