Idi Pili, Uwanja wa Tangamano

Tulitoka Barabara ya Kumi na Tatu watu ishirini na mmoja,
ishirini kwa miguu, mmoja kwa matairi.
Fundi baiskeli alikesha nayo usiku ule mwezi ukisubiriwa,
akaziba pancha mbili, akakataa hela:
"Mwanaidi, jina lako lenyewe sikukuu,
nikutoze vipi?"

Njia nzima walinisukuma kwa kupokezana,
na kila anayepokea ana la kumsahihisha aliyeachia.
Mwenye kiti hakuulizwa.
Kwenye mtaro wa sokoni wakasimama wote, wakafanya kikao:
wanibebe na kiti, au kiti kwanza, mimi baadaye?
Kabla kikao hakijafungwa nilikwishageuka,
nimepita juu ya ubao wa muuza mihogo, nyuma yao,
nawasubiri ng'ambo.

Uwanjani, mchanga na maganda ya karanga.
Jenereta inakohoa. Farasi wa mbao wasio na masikio
wanazunguka na watoto waliopakwa wanja.
Na katikati, lile gurudumu:
visanduku kumi na viwili vya rangi ya ubuyu
vinapanda, vinashuka, havina haraka na mtu.
Nililitazama
kama unavyomtazama binamu aliyefanikiwa.

Mkata tiketi akamuuliza kaka yangu Hemedi,
"Huyu naye anapanda?"
Nikasema, "Huyu anasikia."
Akamjibu Hemedi: "Mwambie hatuna mkanda."

Hapo ukoo ukachemka.
Mjomba Kombo akaitaja serikali.
Wifi Mwanamvua akavua kiatu, akakosa wa kumpiga, akakivaa.
"Basi hapandi mtu!" akatangaza Hemedi,
na watoto tisa wakanigeukia mimi
kama ninayewadai wote.
Pandeni, nikasema, kwa sauti ya chini
ya mtu anayetaka kupiga kelele.
Pandeni, msinifanye mvua ya Idi.

Wakanipa vya kushika.
Mapaja yasiyosimama huitwa kabati:
kandambili, pochi, mitandio miwili, simu sita,
kashata iliyong'atwa upande,
meno ya bibi Mwanatumu ndani ya leso.

Raundi ya tatu, jenereta ikakohoa, ikanyamaza.
Ukoo wangu ukabaki angani
kama nguo zilizosahauliwa kamba.
Mkata tiketi alishaondoka na dumu.

Simu ya wifi ikaita mapajani. Hemedi, kutoka juu:
"Tunafanyaje?"
"Mnasubiri."
"Mpaka lini?"
"Mpaka aje mwenye uwezo wa kuwashusha."
Akakaa kimya. Nilimsikia akipumua.
"Mwanaidi, huku mtu anataka msalani."
"Naijua hiyo," nikasema.
"Naijua sana."

Nilikuwa na haki ya kukaa pale nikala kashata ya watu.
Niliing'ata kidogo, upande wa pili.
Kisha nikazungusha magurudumu mwenyewe,
mchanga ukinidai kila zamu, viatu vikidondoka njiani,
mpaka kwenye mashine ya miwa:
mkata tiketi, bilauri mkononi, dumu tupu miguuni.
Akatazama nyuma yangu kutafuta wa kuzungumza naye.
Hakukuwa na mtu.
Ikabidi aanze: "Shikamoo."

Walishuka mmoja mmoja, wakiijaribu ardhi kwa vidole,
wakaja kwangu, kila mtu na kiatu chake.
Hemedi alikawia kufunga kamba, kichwa chini.
Bibi alirudisha meno kwanza, ndipo akacheka.

Kandambili moja ya kushoto haijaonekana mpaka leo.

Shekue, miaka mitano, hakudai vyake.
Alisimama na soksi mchangani, akilikagua tairi langu.
"Shangazi, hiki huzimika?"
"Hakizimiki."
"Nataka raundi moja."
Nikamtajia bei: mia mbili.
Akachutama,
akaichomoa kwenye soksi.