Mizunguko Miwili, Ibra

Saa kumi na moja na robo, Ibra bado kijivu,
Sista Sosamma anafunga kamba za viatu
mara mbili, na ya tatu kwa imani.
Anabandua saa kifuani mwa sare,
ile ya wauguzi, inayoning'inia kichwa chini,
ya kuhesabia mapigo ya wagonjwa.
"Bi Shinuna, hesabu. Usinipunguzie hata sekunde."

Anaondoka kwenye kopo la rangi nyeupe,
anafuata falaji, kuta za Al Minzfah,
mitende ya watu, kisha anarudi kwenye kopo.
Mia nne kamili. Alipima mwenyewe
kwa utepe wangu wa kushonea, asubuhi tatu,
mbuzi wa jirani wakiwa mashahidi.

Baba yake alikuwa mgema wa mpira, Kerala,
utomvu ukidondoka kwenye vifuu gizani.
Mtoto akikimbia mti hadi mti
akimimina vifuu ndooni, tone lisianguke.
"Ndipo bega langu lilipojifunza kutulia."
Kisha shule, wilaya, jimbo,
treni ya siku mbili kwenda kambi ya kaskazini,
maziwa ya nyati, baridi ya kung'ata meno,
viatu vya misumari vya kurithi
vyenye gazeti puani.

Mbio za sakafuni, husemwa, huishia ukingoni.
Zake ziliishia kwenye kona ya kwanza
na yeye hakujua;
akakimbia mita mia saba zilizobaki
kama mtu anayedaiwa,
akakata utepe, akainua mikono.
Delhi nzima ikasimama.
Halafu bendera. Mwamuzi mmoja, koti la buluu,
alikuwa ameona mguu wa kushoto
ukiingia njia ya ndani
kabla ya mstari unaoruhusu.
Nusu ya kiatu.

Kijana akapanda ngazi ya ubao,
akang'oa herufi za jina lake moja moja,
akazitia kwenye gunia.
Mbili akazirudisha juu,
maana mshindi mpya alikuwa Saraswati
na herufi za S hazikutosha.

Hilo huniambia akicheka. Mengine hupita nayo haraka:
misimu minne ya kushika nafasi ya tatu, ya nne,
kano la kisigino, mkopo wa paa,
cheti cha uuguzi, ndege ya Maskati.
Miaka thelathini na mmoja wodi ya wazazi.
Nusu ya wanaoninunulia ubani Jumatano,
kwenye soko la wanawake,
yeye ndiye aliyewapokea duniani.

Siku moja nilimfundisha Kiswahili changu,
hiki tulichokuja nacho kutoka Unguja
mama akiwa amekivaa pamoja na kanga tatu.
"Wewe mkimbiaji," nikasema. "Mimi mkimbizi."
Akauliza tofauti.
"Herufi chache tu."
Akanyamaza, akakaza kamba.
"Najua herufi zinavyong'oleka."

Na kwenye kona ya falaji, miaka yote,
hupanua. Hakuna mtu pembeni,
hakuna mstari, mbuzi wenyewe wamempisha,
lakini yeye hukaa nje, nje kabisa,
akipoteza hatua tano kila mzunguko.

Leo ya mwisho. Mkataba umekwisha,
masanduku yamefungwa kamba ya plastiki,
Alhamisi ataruka.
Mzunguko wa kwanza, kawaida: nje.
Wa pili, kwenye kona,
nikaona bega la kushoto linashuka
na mguu ukaingia ndani,
si nusu ya kiatu, mguu mzima,
kwa makusudi, kama mtu anayeingia kwake.

"Dakika tatu, sekunde thelathini na moja," nikasema.
"Na umekanyaga ndani."
Ameinama, mikono magotini, jasho puani.
"Nimekanyaga. Andika hivyohivyo."
Nikachukua chaki yangu ya kitambaa,
nikapiga magoti mbele ya kopo,
goti langu bovu likilalamika,
nikaanza na S.