Choo cha Bi Rukia

Nilikuwa chini mle,
naona nyayo za wale
kwenye baraza ya kale,
mji wakigombania.

Mimi nachimba mashimo
ya vyoo, kwa kila kimo;
futi kumi sasa nimo,
mlangoni kwa Rukia.

"Lamu," Bunu akasema,
"ndiyo kwanza kusimama
pwani hii yote nzima;
wengine walidandia."

Lali, asiliye Pate,
alitema chini mate,
akasema, "Tusitete,
Shanga ilitangulia."

Famau, fundi wa simu,
kaifungua kwa hamu:
"Yeriko, enyi walimu!
Shamu inakaribia."

"Yeriko!" Bunu kacheka,
"si ilibomoka, kaka?
Mji ulioanguka
umri wajivunia?"

"Basi nawe, Lamu gani?
Ya Hidabu, ya Weyuni?
Moja iko mchangani,
uhai wahesabia?"

Kahawa ikamwagika,
punda naye akaruka,
changarawe zikashuka,
kichwani zikatulia.

Mimi sina cha kusema,
sepetu yangu yazama:
juu, mifuko na chuma;
chini, sahani zalia.

Za Kichina, za buluu,
ndege kapoteza guu,
macho ayaweka juu
kana kwamba asikia.

Nikachimba tena chini:
udongo wa majikoni,
mafiga matatu ndani,
masizi yashikilia.

Na gae la chungu, zito,
lina alama ya moto,
na kidole cha mtoto
ukingoni chabakia.

Halina mwaka, nasabu,
halina jina la babu;
nalitazama karibu,
kidole nikakitia.

Changu kikawa kinene.
Juu, watatu wengine
walifika waungane:
Malindi ikaingia.

"Tuna nguzo," wakanena.
"Ya Mreno? Hiyo jana!"
Lali, Bunu wakapana
mikono kwa kuridhia.

"Wewe Jilo, kuna nini?"
Bunu kaita shimoni,
"umeona kitu chini
cha kutusuluhishia?"

Nikisema, ndio janga:
Makumbusho watafunga,
kamba pembeni kupinga,
na ujira kuishia.

Na Bi Rukia nyumbani
ana mkwe kitandani;
choo cha kwa majirani
mwezi sasa watumia.

"Mchanga tu," nikanena,
"na mawe ya kushikana."
Wakarudi kutukana,
Roma ikatajwa pia.

Uongo? Ndiyo, uongo.
Ila kwa huo udongo
nimeuweka mgongo
siku sita, naumia.

Gae nikalifutika
kikoini, nikafika
Langoni, nikaliweka
mezani kwake Zakia.

Hakuuliza la lini,
wala mji wake gani;
kageuza mkononi,
kidole akakitia.

"Huyu," kasema, "mamake
kamwambia, 'Usishike,
ngoja chungu kikauke,'
naye hakuvumilia."

Choo sasa kina bati,
Bunu bado ana chati,
Lali naye ana hati,
hakuna wa kutulia.

Yale mafiga matatu
niliyaacha, ya watu;
nyuma ya ukuta wetu
simiti nikafukia.

Na gae? Li dirishani;
mwanangu wa darasani
la pili, kila jioni
kidole hujipimia.

Bado kinapwaya ndani.
Anangoja. Hadi lini?
Nimemwambia: mwakani
huenda kikaenea.